Kutoka Mkoba hadi Chombo: Uhakiki wa Asili ya Neno Meli katika Bandari za Mombasa

Utangulizi

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili, na kila bandari ina maneno yake. Upande wa mashariki, chini ya nyumba za Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, iko Bandari ya Kale, ambayo kwa karne nyingi imepokea vyombo vya tanga kutoka Lamu, Unguja, Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Upande wa magharibi iko Kilindini, penye maji ya kina, na huko ndiko ziliko gati za meli. Mkazi wa kisiwani hachanganyi mambo haya. Hasemi kuwa jahazi ni meli ndogo, wala kuwa meli ni jahazi kubwa. Kwake hivi ni vyombo vya jinsi mbili, kila kimoja na bandari yake, mabaharia wake na desturi zake.

Hata hivyo, mwanafunzi afunguaye kamusi ili ajue neno meli limetoka wapi hupewa jibu fupi mno, aghalabu la herufi chache ndani ya mabano: limetoka katika Kiingereza. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Neno la Kiingereza linalokusudiwa ni mail, na hapana Mwingereza aiitaye mail meli ya mafuta, ya makaa wala ya mahujaji. Umbo la neno limetoka Uingereza. Maana yake haikutoka huko. Makala haya yanakusudia kuonyesha maana hiyo ilipatikanaje, na kuhakiki desturi ya kamusi ya kutaja asili ya umbo peke yake kana kwamba ndiyo asili ya neno zima. Suala hili halihusu neno moja tu. Linahusu nani ahesabiwe kuwa mwenye neno: yule aliyelitamka kwanza au yule aliyelipa kazi linayoifanya.

Neno mail katika lugha ya kwao

Kabla ya kuuliza Waswahili walichukua nini, yafaa kujua walikuta nini. Kiingereza kina maneno matatu, si moja, yaandikwayo mail na kutamkwa namna moja.

La kwanza, ambalo ndilo linalohusika hapa, asili ya maana yake ni mfuko au mkoba. Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kilikuwa kimelipokea kutoka lugha za jamii ya Kijerumani. Wafaransa hata leo huita sanduku la safari malle. Kwa Waingereza, mkoba wa kubebea barua uliitwa mail katika karne ya 17. Kisha jina likahama kutoka mkoba kwenda kwa barua zilizomo. Kisha likahama tena kutoka barua kwenda kwa kile kinachozichukua. Mwaka 1784 gari la kwanza la farasi lililokodiwa kuchukua barua za serikali lilikwenda kutoka Bristol hadi London, na gari la namna hiyo likaweza kuitwa kwa jina la mzigo wake. Katika karne ya 19 treni na meli za mvuke zikafuata mkondo huohuo.

La pili ni jina la vazi la vita lililofumwa kwa pete ndogo za chuma. Hili limetoka neno jingine la Kifaransa, maille, ambalo asili yake ni Kilatini macula, maana yake doa au tundu la wavu. La tatu ni neno la kale la kaskazini ya Uingereza na Uskoti, lenye maana ya malipo au kodi, lililotoka lugha ya watu wa Skandinavia, ambako maana yake ilikuwa mazungumzo na mapatano. Neno hili la tatu limekwisha kufa peke yake, lakini limesalia ndani ya blackmail, ambalo katika karne ya 16 lilikuwa jina la ushuru waliotozwa wakulima wa mpakani mwa Uskoti na wanyang'anyi ili wasivamiwe. Leo maana yake ni kumtoza mtu kwa kumtisha kuwa siri yake itafichuliwa.

Hapa pana mambo mawili ambayo wanafunzi wa isimu huyachanganya mara nyingi. Mkoba na vazi la chuma havina uhusiano wowote wa maana. Ni maneno mbalimbali ambayo mabadiliko ya sauti yameyakutanisha katika umbo moja. Hiyo ni homonimia. Lakini mkoba, barua na gari la barua ni maana za neno moja, kila moja imezaliwa na ile iliyoitangulia. Hiyo ni polisemia, na njia yake hapa ni metonimia, yaani kukitaja kitu kwa jina la kile kinachohusiana nacho. Kilichomo hupewa jina la kinachobeba, na kinachobeba hupewa jina la kilichomo. Msomaji na aikumbuke njia hiyo, maana itaonekana tena mbele, na si katika Kiingereza peke yake.

Nafasi zilizokuwa zimejaa

Neno geni halivamii lugha iliyo tupu. Hukuta nafasi nyingi zimekwisha kukaliwa. Tukizichukua maana za mail moja moja, tutaona kwa nini nyingi hazikuingia katika Kiswahili.

Vazi la chuma lilikuwa na jina lake zamani: deraya, neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni la msamiati wa tenzi za vita. Malipo na kodi yalikuwa na ushuru, kodi na ada. Mkoba ulikuwa mkoba. Barua ilikuwa barua au waraka, na katika mji wa biashara kama Mombasa watu waliandikiana kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuja posta yoyote ya serikali. Posta yenyewe ilipofunguliwa iliitwa posta. Kwa hiyo kila mahali ambapo mail ingeweza kuketi kama neno la barua, palikuwa na mwenyewe.

Sauti zake, kwa upande mwingine, hazikuwa na taabu yoyote. Rail ya Kiingereza imekuwa reli, na mail ikawa meli kwa kanuni ileile: irabu mbili zinazofuatana zikawa irabu moja e, na konsonanti ya mwisho ikaongezewa i ili silabi iwe wazi. Neno likaingia katika ngeli ya i- na zi-, likapata upatanisho kamili, na likaanza kutenda kazi kama neno lolote: meli imetia nanga, meli zimeng'oa nanga. Kwa upande wa fonolojia na sarufi, basi, meli halina dalili yoyote ya ugeni. Asiyejua Kiingereza hawezi kulitambua kuwa limetoka nje.

Musimu na kalenda

Swali lililobaki ni hili: katika mlolongo ule wa mkoba, barua na kichukuzi, kwa nini Waswahili walishika mwisho wake tu, wakauacha mwanzo?

Jibu limo katika bahari yenyewe. Kwa karne nyingi safari za pwani hii zilitawaliwa na pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi katika miezi ya mwisho na ya mwanzo ya mwaka, na kusi iliwarudisha kuanzia mwezi wa Aprili. Nahodha hakuwa na tarehe. Alikuwa na musimu. Mfanyabiashara wa Ndia Kuu aliyemngojea jamaa yake kutoka Maskati hakuhesabu siku, alitazama upepo. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa na wale wanaodhani kuwa maneno husafiri upande mmoja tu. Neno monsoon la Kiingereza lina asili ya neno lilelile la Kiarabu, mawsim, lililotupa sisi musimu na msimu. Waingereza walilifikia kwa njia ya Wareno. Hapana kamusi ya Kiingereza inayoomba radhi kwa neno hilo, wala hapana Mwingereza adhaniye kuwa anapolitamka anazungumza Kiarabu.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India Steam Navigation ilipewa mkataba wa kuchukua barua baina ya Aden na Unguja kila mwezi. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani, Deutsche Ost-Afrika-Linie, ilianza safari zake za pwani hii kwa msaada wa fedha za serikali ya Ujerumani. Mwaka huohuo wa 1890 kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa na makao yake Mombasa, ilitoa stempu zake za posta. Mwaka 1895 Uingereza ikatangaza himaya yake, mwaka 1896 ujenzi wa reli ukaanza Mombasa, na mwishoni mwa mwaka 1901 reli ikafika Ziwa la Nyanza. Vyombo vya mvuke, ambavyo kwanza viliingia Bandari ya Kale, vikazidi kuhamia Kilindini, ambako maji yalikuwa ya kina zaidi na reli ilikuwa karibu.

Chombo kilicholetwa na mikataba hiyo kilitofautiana na vyombo vingine kwa jambo moja kubwa kuliko moshi na chuma chake: kilikuwa na siku. Kilikuja katika kaskazi na kilikuja katika kusi. Serikali ililipa ili barua zifike kwa tarehe, na kwa sababu ya barua watu wote wengine, wenye mizigo na wasio na mizigo, wakaanza kuishi kwa tarehe hiyo. Mtu wa Mombasa ambaye hakuwahi kuandikiwa barua na mtu yeyote wa ng'ambo hakuwa na haja ya jina la mkoba wa Waingereza. Lakini alikuwa na haja ya jina la chombo kisichongoja upepo. Yaelekea kuwa hiyo ndiyo nafasi iliyokuwa wazi, na hapo ndipo neno lilipoketi.

Baadaye maana ikapanuka tena, safari hii bila msaada wowote wa Kiingereza. Kamusi za mwanzo zilizoandikwa na Waingereza zilifungamanisha neno hili na meli ya posta. Katika matumizi ya leo neno limeachana kabisa na barua. Twasema meli ya mizigo, meli ya abiria, meli ya mafuta. Twaweza hata kusema meli ya barua, na hapana msikilizaji atakayeona kuwa tumerudia neno bure. Jaribio hili dogo latosha kuthibitisha hoja. Kama meli ingekuwa bado mail, basi meli ya barua lingekuwa fungu la maneno lisilo na maana, kama vile kusema barua ya barua.

Ndugu wawili wa meli: manowari na stima

Meli halikuja peke yake. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa manowari ya Kiingereza Leven alitia nanga Mombasa wakati ambapo Wamazrui walikuwa wakitafuta mlinzi dhidi ya Seyyid Said wa Omani. Himaya aliyoitangaza ilidumu hadi mwaka 1826, ikaondolewa; na jina la chombo chake limesalia katika Mji wa Kale, katika nyumba na ngazi ziitwazo Leven. Chombo cha namna hiyo Waingereza walikiita kwa maneno matatu, man of war, yaani mtu wa vita. Kiswahili kimeyafumba yote matatu katika neno moja, manowari, ambalo haliwezi kukatwa mahali popote. Hapana Mswahili asikiaye mtu wala vita ndani yake. Asikiacho ni chombo cha serikali chenye mizinga.

Historia ya stima ni ya ajabu zaidi. Umbo lake laonyesha kuwa limetoka steamer, chombo cha mvuke, wala si steam, mvuke wenyewe. Kwa maana mwisho ule wa Kiingereza huwa a katika Kiswahili, kama ilivyo dereva kutoka driver. Basi stima na meli yalikuwa majina mawili ya chombo kimoja, na pamoja nayo lilikuwapo la tatu, marikebu ya moshi. Lugha haipendi kulisha watumishi watatu kwa kazi ya mmoja. Marikebu ya moshi limebaki vitabuni. Meli limechukua bahari. Stima, likiisha kukosa kazi baharini, likapanda nchi kavu. Kutoka chombo likawa jina la mtambo unaokiendesha, kisha la nguvu ya mtambo wowote, na nchini Kenya likawa jina la umeme. Mombasa ilipata kampuni yake ya umeme mwaka 1908, kwa mtambo uliopatikana kwa juhudi za mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee. Leo mkazi wa Mji wa Kale asemapo kuwa stima imepotea, hatafuti chombo baharini, anatafuta mshumaa. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, watu husema umeme, neno lenye asili ya Kibantu lililotokana na radi. Maneno yote mawili ni sitiari: moja limetazama mbinguni, la pili limetazama bandarini.

Neno stima nalo lahukumiwa vivyo hivyo. Kusema kuwa lina asili ya Kiingereza ni sawa. Lakini Mwingereza akiambiwa kuwa steamer imekatika nyumbani, hataelewa lolote. Maana hiyo imetengenezwa hapa.

Wazee wa neno: chombo, jahazi na marikebu

Wako wasemao kuwa meli lingefaa kuondolewa na mahali pake lirudishwe neno safi. Rai hiyo yastahili kupimwa kwa haki, kwa sababu wenye kuitoa wanaipenda lugha yao. Basi na watazamwe wale wanaoitwa wenyeji.

Marikebu ni Kiarabu markab, kutoka mzizi wenye maana ya kupanda mnyama au chombo: marikebu ni kile kipandwacho. Jahazi ni neno la ajabu. Katika Kiarabu asili yake ni vifaa, hata vile vifaa apewavyo bibi arusi. Lakini katika Kiajemi na katika lugha za Bara Hindi likawa jina la chombo cha baharini, na kwa maana hiyo likafika pwani yetu. Likatoka kwenye vifaa likaenda kwa kile kinachovichukua. Msomaji atakumbuka mkoba uliokuwa barua na barua iliyokuwa meli. Njia ni moja.

Anabaki chombo, ambalo ni neno la Kibantu lisilo na shaka. Nalo limefanya nini? Lilikuwa, na lingali, jina la kifaa chochote cha kutilia au kutendea kitu: sahani ni chombo, chungu ni chombo, jembe ni chombo cha kazi. Kutoka hapo likawa jina la kile kichukuacho watu na mali baharini. Kwa hiyo, hata pale ambapo Kiswahili hakikuazima kitu kwa mtu, kilikwenda njia ileile iliyokwenda Kiajemi katika jahazi na Kiingereza katika mail. Mwenye kuona aibu kwa meli kwa sababu lilikuwa mkoba, itambidi aone aibu pia kwa chombo, kwa sababu lilikuwa chungu.

Tofauti ya kweli baina ya maneno haya haiko katika usafi wa damu yao, bali katika umri wa kumbukumbu zao. Methali za pwani zinajua chombo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zinajua sehemu za chombo hata pale ambapo chombo chenyewe hakikutajwa: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840, zaidi ya miaka 30 kabla ya mkataba wa barua wa mwaka 1872. Bahari ya ushairi wake ni bahari ya tanga. Ndiyo maana hata leo mshairi wa Mombasa apendaye kuifananisha nchi na kitu kiendacho baharini, aghalabu huita chombo au jahazi, na kiongozi humwita nahodha. Meli aghalabu haimfai. Haina upepo wa kungojewa. Kwa hiyo haina subira, wala rehema, wala mrama wa kuogopwa kwa namna ileile. Huu si upungufu wa neno. Ni ushahidi kuwa washairi wanaijua maana yake barabara: meli ni kile chombo kilichokataa kuongozwa na pepo, na sitiari za kale ni za pepo.

Hukumu ya kamusi

Ni katika mji huuhuu wa Mombasa ambako mkutano wa mwaka 1928 uliamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa ilifafanua Kiswahili kwa Kiswahili. Faida za usanifishaji hazikanushiki, na makala haya hayakusudii kuzikanusha. Lakini pana gharama ambayo haijahesabiwa sawasawa.

Neno la Kimvita lililotofautiana na la Unguja liliitwa la lahaja. Ndia ikawa njia, ijapokuwa Ndia Kuu ingali pale pale katika Mji wa Kale, na jina lake halikukubali kusanifishwa. Neno lililotoka bandarini nalo likaitwa la kigeni. Basi mtu wa Mombasa akitazama msamiati wake kwa miwani ya kamusi, huona kuwa nusu moja ni lahaja na nusu ya pili ni mkopo. Ataulizwa: kilicho chako ni kipi? Na watoto wakisoma hivyo shuleni mwaka baada ya mwaka, hufikia kuamini kuwa mji wao haukuchangia kitu ila makosa ya matamshi.

Kosa hapa ni la nadharia kabla ya kuwa la siasa. Kamusi hutenda kana kwamba neno ni kitu kimoja, na asili yake ni moja. Lakini neno lina umbo na lina maana, na viwili hivi vyaweza kuwa na makwao mbalimbali. Umbo la meli lilitoka Uingereza, na kabla ya hapo Ufaransa, na kabla ya hapo kwa makabila ya Kijerumani. Kwa hiyo hata kusema limetoka Uingereza ni kutaja kituo kimoja tu cha safari. Maana ya meli ilitoka katika bandari za Unguja na Mombasa, katika miaka ambayo tarehe ilianza kushindana na musimu. Kuandika asili ya umbo na kuinyamazia asili ya maana ni kuwapa Waingereza kazi ambayo hawakuifanya.

Jambo hili huwapoteza pia wahakiki wa fasihi. Mwanafunzi akisoma maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yanayotaja kuja kwa meli, akalifasiri neno kwa maana ya leo, ataona chombo kikubwa tu. Hataona kuwa kwa mwandishi neno hilo bado lilibeba siku, barua na habari za ng'ambo kwa pamoja. Na akilifasiri kwa Kiingereza cha leo, ataona barua tu, chombo kitampotea. Yahitajiwa kamusi imwambie neno lilikuwa wapi katika safari yake wakati ule.

Hitimisho

Katika miaka ya karibuni neno mail limekuja mara ya pili. Limekuja kwa kompyuta na simu, si kwa bahari. Wataalamu wamelitungia barua pepe, na wasemaji wengi husema imeili. Yafaa kutazama lililotokea. Katika Mombasa hakuna aliyechanganya imeili na meli. Karani wa Kilindini huweza kupokea imeili inayomwarifu kuwa meli itafika Jumatano, akayatamka maneno yote mawili katika sentensi moja, wala haoni kuwa amelitaja neno moja mara mbili. Mara ya kwanza Kiswahili kililichukua neno kikaiacha barua. Mara ya pili kikaichukua barua, na ilibidi ije na umbo jingine, kwa sababu umbo la kwanza lilikuwa limekwisha kuwa la watu wengine wenye kazi nyingine.

Pendekezo la makala haya ni dogo na laweza kutekelezwa. Kila neno la mkopo ambalo maana yake imebadilika baada ya kuingia katika Kiswahili lipewe katika kamusi asili mbili: ya umbo na ya maana. Kwa meli ingetosha kuandika kuwa umbo latokana na Kiingereza mail, mkoba wa barua. Kwamba katika pwani ya Afrika Mashariki, tangu meli za posta za miaka ya 1870, maana ikawa chombo cha mvuke chenye siku maalumu ya safari. Na kwamba kisha ikapanuka kuwa chombo chochote kikubwa cha majini kiendeshwacho kwa mtambo. Ni mistari mitatu. Kazi hiyohiyo ifanywe kwa stima, manowari, reli na mengine ya jamii hiyo, na ianze kwa kuwasikiliza wazee wa Bandari ya Kale na makuli wa Kilindini, ambao wanayajua maneno haya kwa kuyafanyia kazi. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na majahazi yanayotia nanga chini ya Ngome ni machache kuliko yale yaliyojulikana na baba zao. Mistari mitatu ya kamusi haitayarudisha majahazi, lakini itamwezesha mtoto wa Mji wa Kale kujua kuwa neno meli, kama alitamkavyo, ni kazi ya mikono ya watu wake.